Shule yetu ya kijijini imetoka daraja D hadi B ndani ya miaka miwili. Nini hasa kimetokea?

#1 Baba Neema
Wakuu, habari zenu. Kuna jambo linanisumbua tangu matokeo ya darasa la saba yatoke mwishoni mwa Oktoba. Nimelileta humu kwa kuwa najua mpo walimu, wazazi na watu wa takwimu.

Shule ya msingi ya kijijini kwetu, mkoa wa Morogoro (jina nalihifadhi), matokeo ya 2022 wastani wake ulikuwa daraja D. Mwaka 2023 ikapanda C. Mwaka huu wa 2024 ni B, ile wanayoiandika "Nzuri Sana". Majengo ni yale yale na madawati ni yale yale. Walimu ni walewale ukimtoa mwalimu mkuu aliyekuja mwanzoni mwa 2023 na mwalimu mmoja wa Hisabati. Kijiji kizima kinashangilia, mbuzi amechinjwa.

Nami nafurahi, maana binti yangu yuko darasa la tano palepale. Ila mpwa wangu amemaliza mwaka huu na amepata B. Nilimpa gazeti anisomee habari fupi, akasoma kwa kuunganisha silabi. Nikamuuliza, ukinunua sukari ya shilingi 3,200 ukatoa noti ya 5,000 unarudishiwa ngapi, akabaki anahesabu vidole mpaka nikamwonea huruma.

Maswali yangu ni mawili. Shule inapandaje kiasi hicho kwa muda mfupi hivyo? Na hizi alama zinapima kitu gani?

#2 Mtoto wa Gairo
Mwalimu mkuu. Jibu umeliandika mwenyewe hapo juu.

Shule niliyosoma ilikuwa na mkuu ambaye saa moja kasoro yuko getini na daftari la mahudhurio ya walimu, siyo la wanafunzi. Mwalimu akichelewa anasaini mbele ya wenzake. Akaja mwingine, mtu wa semina na safari za wilayani, shule ikaporomoka mwaka uleule. Vitabu vilikuwa vilevile na ruzuku ileile.

#3 Kigingi
Msizunguke mbuyu. D hadi B kwa miaka miwili, huo ni wizi wa mtihani. Mmesahau 2018? Halmashauri nzima ya Chemba ilifutiwa matokeo, pamoja na shule kadhaa za Dar na kwingineko, watoto wakarudia mtihani Oktoba. Mwaka 2022 tena zaidi ya watahiniwa 2,000 wakafutiwa na vituo 24 vikafungiwa.

#4 Baba Neema
Kigingi, hayo yalitokea kweli na yanauma. Lakini siwezi kumtuhumu mtu kwa sababu tu watoto wamefaulu. Nitajie dalili ninazoweza kuziangalia.

#5 Mwalimu Mstaafu
Salaam. Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote ya kazi na nimesimamia mitihani mara nyingi, naomba nichangie kwa upana kidogo.

Kwanza mjue shule inayotaka kupanda haraka inafanya nini. Inaanza kwa kukamata darasa la saba tangu Januari. Ratiba ya kawaida inawekwa pembeni. Mada za darasa la saba zinamalizwa kabla ya Pasaka, kisha ni marudio hadi Septemba. Kila Ijumaa kuna jaribio, kila mwezi mtihani wa kata, halafu ujirani mwema (mtihani wa pamoja wa shule jirani), halafu moko, yaani mtihani wa majaribio, ya wilaya na ya mkoa. Mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani inafanywa yote. Mtoto anafika chumba cha mtihani akiwa ameshasiliba (kupaka kivuli herufi ya jibu) fomu nyingi kiasi kwamba mkono unajua njia.

Pili kuna kambi. Wazazi wanachanga mahindi, maharage na fedha ya mpishi, watoto wanalala shuleni wiki za mwisho. Mtoto wa kijijini ambaye nyumbani anachota maji, anachunga na kulala bila taa, kwa mara ya kwanza anapata saa za kusoma jioni. Nimeona watoto wakibadilika kwa ajili ya hilo tu, na sitaki mtu alidharau.

Tatu, na hapa ndipo penye maumivu, walimu wote wazuri wanapelekwa darasa la saba. Darasa la kwanza na la pili wanaachiwa mwalimu aliyechoka au wa kujitolea. Ndiyo maana mpwa wako anasiliba vizuri na kusoma anaunganisha silabi. Hakufundishwa kusoma alipokuwa na miaka saba, na alipofika 13 hakuna aliyekuwa na muda wa kurudi nyuma.

Kwa hiyo B ya shule yako inaweza kuwa halali kabisa, na mpwa wako asijue kusoma. Vyote viwili vinawezekana kwa pamoja.

#6 Mama Junia
Mwalimu umenena. Asante.

#7 Hesabu Kali
Naomba niongeze namba ili tuelewane kuhusu hizo B na C.

Mtihani una masomo sita, kila somo lina maswali 45. Maswali 40 ni ya kuchagua, jibu moja kati ya matano, alama 1 kila moja. Matano ya mwisho mtoto anaandika jibu mwenyewe, alama 2 kila moja. Jumla 50 kwa somo.

Chukua mtoto anayejua kwa uhakika maswali 16 tu kati ya yale 40. Yaliyobaki 24 anabahatisha. Kwa wastani atapatia karibu matano. Tayari ana 20 na ushee, na yale matano ya kuandika ameacha wazi. Zidisha kwa masomo sita, amevuka 121, ambayo ndiyo C. Amefaulu na atapangiwa sekondari, huku anajua chini ya nusu ya alichoulizwa na hajaandika hata mstari mmoja kwa mkono wake.

Kwa hiyo Baba Neema, ukiuliza alama zinapima nini, sehemu yake inapima uwezo wa kutoacha swali wazi.

#8 Kidato Kimoja
Jumla si 250? Masomo matano.

#9 Hesabu Kali
Hiyo ilikuwa zamani. Baada ya Uraia na Maadili kuwa somo la mtihani linalojitegemea yakawa sita, jumla 300. A inaanzia 241, B 181, C 121, D 61.

#10 Msoma Takwimu
Hesabu Kali, hesabu yako ni safi, lakini haijibu swali la mleta mada. Kubahatisha kulikuwepo 2022 na kupo 2024. Kitu ambacho hakijabadilika hakiwezi kueleza mabadiliko. Isitoshe, mtoto wako wa kubahatisha anaishia C, na shule ikiwa na wastani wa B maana yake wengi wako juu ya 181.

Mimi nauliza mambo mawili ambayo watu huyasahau. Watahiniwa walikuwa wangapi kila mwaka? Na kabla ya 2022 shule ilikuwa daraja gani? Baba Neema, ingia tovuti ya Baraza, chagua mkoa, halmashauri, shule, matokeo ya miaka ya nyuma yapo.

#11 Mtoto wa Gairo
Watu wa takwimu mnapenda kupeleka watu tovutini kama mganga anavyotuma mtu akalete kuku mweusi.

#12 Msoma Takwimu
Akileta huyo kuku utaona mwenyewe.

#13 Chaki Nyeupe
Mimi bado niko darasani, shule ya serikali, kanda ya ziwa. Nakubaliana na Mwalimu Mstaafu bandiko namba 5 ila kuna kitu kimoja nakiona tofauti.

Siyo kweli kwamba sisi tunapenda kuacha madarasa ya chini. Tunasukumwa. Afisa Elimu Kata anakuja na orodha ya shule zote zilivyopangwa kwa matokeo ya darasa la saba, siyo ya darasa la pili. Mkuu wa shule ya mwisho anasimamishwa mbele ya kikao. Nani atampeleka mwalimu wake bora wa Kiswahili darasa la kwanza wakati hakuna anayeuliza habari za darasa la kwanza? Uwiano unaotakiwa ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Darasa langu la kwanza lina zaidi ya mara mbili ya hapo.

#14 Kidato Kimoja
Lakini kupanga shule kulipigwa marufuku!

#15 Chaki Nyeupe
Aliyeacha ni Baraza. Tangu matokeo ya 2022 halitangazi tena shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora. Halmashauri na kata zinachukua wastani wa kila shule, zinapanga zenyewe kwenye kompyuta, jioni orodha iko kwenye kundi la walimu la WhatsApp. Nafasi yako unaijua kabla hujala chakula cha usiku.

#16 Kigingi
Sawa, Baba Neema aliniomba dalili. Hizi hapa. Majibu yanayofanana hadi makosa, yaani watoto wengi wanakosea swali lilelile kwa kuchagua herufi ileile. Watoto wanaopata A kwenye Kiingereza na hawawezi kutaja jina lao kwa Kiingereza. Darasa la nne palepale linafanya vibaya na la saba linafanya maajabu. Upimaji wa darasa la nne nao upo tovutini, linganisha.

#17 Mwalimu Mstaafu
Hiyo ya tatu si dalili ya wizi, ndugu yangu. Ndicho nilichokieleza namba 5. Shule ikiwekeza nguvu zote darasa la saba, la nne litakuwa baya bila mtu yeyote kuiba. Hiyo ya kwanza ndiyo ya maana, lakini mzazi hana namna ya kuiona fomu iliyosilibwa. Anayeweza ni Baraza.

#18 Kigingi
Basi tuseme zote zinawezekana. Mimi sijaondoka kwenye msimamo wangu.

#19 Mama Junia
Kuna jambo hamjaligusa, na mimi nalijua kwa sababu lilinipitia.

Mwaka 2014 nikiwa darasa la saba, jioni ya kuamkia mtihani, mjomba aliyekuwa akinilea aliniita nje. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba sekondari ni gharama, sare, michango, mbali, na kwamba kuna mtu mjini anatafuta msichana wa kazi. Akaniambia nisilibe herufi moja tu kutoka juu mpaka chini, hakuna atakayejua. Sikumjibu. Nikaenda nikafanya mtihani wangu vizuri, na nilipochaguliwa alikaa muda mrefu bila kuzungumza nami.

Tulikuwa wasichana wanne wa kijiji kile tulioambiwa vile. Wawili walitii. Mmoja wao alikuwa ananizidi Hisabati siku zote.

Kwa hiyo mnapohesabu kubahatisha, hesabuni na watoto wanaofeli kwa kuagizwa. Na kama mwalimu mkuu huyo mpya aliitisha vikao vya wazazi akazungumza nao wakabadilika, wastani utapanda hata kama hakuna mtoto aliyeongeza ujuzi. Wanaandika tu kile walichokuwa wanakijua.

#20 Chaki Nyeupe
Pole sana dada yangu. Hili lipo mpaka leo. Mwaka jana nilikuwa na mvulana hodari, wafugaji, kwenye moko ya mkoa alikuwa wa pili shuleni. Mtihani wa mwisho akapata E. Baba yake alitaka mchungaji wa ng'ombe.

#21 Hesabu Kali
Mama Junia, hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Mtoto akisiliba herufi moja kote atapata karibu alama 8 kwa somo, 48 kwa jumla, E. Watoto wachache wa namna hiyo wanatosha kuishusha shule ndogo daraja zima.

#22 Dereva wa Tandem
Mimi si mwalimu, naendesha lori, ila nimekaa sana kwenye vijiji vya njiani. Shule zinazopika uji zinajulikana hata kwa macho. Saa nne watoto wako darasani. Zisizopika, saa nne watoto wako barabarani wanauza mahindi ya kuchoma. Baba Neema ulizia kama uji umeanza.

#23 Baba Neema
Umeanza! 2023 hiyohiyo. Kila kaya debe la mahindi baada ya mavuno. Asante dereva, sikuwa nimeunganisha.

#24 Mtoto wa Gairo
Ulioanzishwa na nani? Mwalimu mkuu. Narudi palepale.

#25 Kisumu Ndogo
Hamjambo majirani. Sisi Kenya mtihani wa darasa la nane, KCPE, ulianza 1985 na wa mwisho ukafanywa 2023. Miaka ya baadaye alama zilikuwa 500 na kila mtoto alijua yake mpaka kaburini. Ninachotaka kusema ni hiki: shule nyingi za kulipia zilikuwa na ujanja wa kusajili watoto dhaifu kwenye kituo kingine. Shule moja, majina mawili. Kituo cha kwanza kinapata wastani wa kutisha, kituo cha pili hakuna anayekitangaza. Kwa hivyo angalieni ni nani aliyefanya mtihani, siyo tu alipata ngapi.

#26 Msoma Takwimu
Ndiyo maana niliuliza idadi ya watahiniwa. Na hapa kwetu si lazima uwe na vituo viwili. Unaweza kumkaririsha mtoto darasa la nne au la sita, au kumshauri mzazi amhamishe. Kila dhaifu anayeondoka anapandisha wastani wa waliobaki.

#27 Baba Neema
Wakuu, nimepitia tovuti jana usiku, mtandao wa huku ni wa kuvizia. Nimepata haya.

Matokeo ya 2020 shule ilikuwa C. 2021 C. 2022 ndiyo D. 2023 C, 2024 B. Watahiniwa 2021 walikuwa hawafiki 50, 2022 wakawa zaidi ya 80, 2023 karibu idadi hiyohiyo, 2024 wakashuka tena chini ya 60. Darasa la nne bado liko C miaka yote.

#28 Msoma Takwimu
Sasa mnaona?

Mtoto wa darasa la saba wa 2022 aliingia darasa la kwanza 2016. Januari 2016 ndipo elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa. Watoto waliokuwa wamebaki nyumbani kwa kukosa michango wakaingia wote kwa mpigo, wa miaka saba na wa miaka kumi darasa moja. Kitaifa watahiniwa wa darasa la saba walikuwa kama milioni 1.13 mwaka 2021, wakaruka hadi karibu milioni 1.4 mwaka 2022 na 2023, kisha mwaka huu wakashuka hadi milioni 1.23 hivi.

Kwa hiyo D ya 2022 haikuwa hali ya kawaida ya shule yenu. Ilikuwa mwaka wa wimbi. Mkianza kuhesabu kutoka shimoni, kila kitu kinaonekana ni mlima. Shule ilikuwa C, ikatumbukia, ikarudi C, ikapanda B. Cha kuelezwa ni hatua moja tu, C hadi B, kwenye mwaka ambao darasa lilikuwa dogo kuliko miaka miwili iliyotangulia. Na shule yenye watahiniwa 50 inaweza kuyumba daraja moja kwa sababu ya darasa moja kuwa na watoto wepesi, bila mtu yeyote kufanya jambo la ajabu.

#29 Mtoto wa Gairo
Mkuu, hilo wimbi liliingia nchi nzima. Ufaulu wa kitaifa 2021 ulikuwa asilimia 81.97, 2022 asilimia 79.62, 2023 asilimia 80.58, mwaka huu 80.87. Nchi imeshuka pointi mbili na kitu tu na bado haijarudi ilipokuwa. Shule ya Baba Neema imeshuka daraja zima halafu ikapanda mawili. Kama ni wimbi peke yake, kwa nini shule nyingine hazikurukaruka hivyo?

#30 Hesabu Kali
Mtoto wa Gairo leo amekuja na desimali! Nani alijua.

#31 Msoma Takwimu
Hoja nzuri. Jibu langu ni kwamba wastani wa nchi ni wa watoto zaidi ya milioni, hauwezi kuyumba kama shule ya watoto 50. Nakubali lakini kwamba hilo halimwondoi mwalimu mkuu kwenye mchezo.

#32 Kidato Kimoja
Na 2012 je? Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ufaulu ulianguka vibaya. Wakasema ni mashine za kusahihisha.

#33 Mwalimu Mstaafu
2011 ufaulu ulikuwa kama asilimia 58. 2012, mwaka wa kwanza wa fomu za OMR, zile zinazosahihishwa na mashine, ukaanguka hadi takriban asilimia 31. Watoto wengi hawakuwa wamewahi kuiona fomu ile, wengine walisiliba mistari miwili, wengine walifuta kwa mate. Nilikuwa msimamizi mwaka huo, niliona kwa macho yangu.

#34 Msoma Takwimu
Mwalimu, kwa heshima zote, fomu haiwezi kuwa sababu pekee. 2013 fomu ilikuwa ileile na ufaulu ukapanda hadi asilimia 50.6, 2014 karibu 57, 2015 karibu 68. Walijifunza kusiliba, sawa, lakini hata miaka hiyo yote minane ya kupanda mpaka 82.68 mwaka 2020?

#35 Mwalimu Mstaafu
Mwaka 2013 ndio ulioletwa mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zikaanza kupangwa kwa rangi na nafasi. Tangu hapo kila mtu akajua anachohesabiwa nacho. Mimi naamini kupanda kwingi kulitoka hapo, na mengi ya niliyoyasema namba 5 nayo yalitoka hapo. Kambi zilikuwepo zamani, lakini siyo kila kijiji.

#36 Chaki Nyeupe
Pia tuseme ukweli kuhusu motisha. Kuna utafiti mkubwa uliofanyika hapa nchini 2013 na 2014, KiuFunza wa shirika la Twaweza, shule 350. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili walimu waliahidiwa 5,000 kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au Hisabati, na mwalimu mkuu 1,000. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza chochote kwenye kujifunza. Motisha peke yake matokeo yalikuwa ya kuchanganya. Vyote pamoja ndipo watoto walipojifunza zaidi, na kwa kiasi kinachozidi jumla ya vile viwili vikitengana.

Nalitaja kwa sababu lilikuwa la madarasa ya chini. Kule anakofundishwa mtoto kusoma.

#37 Kigingi
Kwa hiyo mwalimu bila bahasha hafundishi?

#38 Chaki Nyeupe
Mwalimu mwenye bahasha bila vitabu naye hafundishi. Soma tena, ndugu.

#39 Mchanga wa Pwani
Assalaam alaykum. Huku Zanzibar msingi ni miaka sita na mtihani wa darasa la sita tunafanya chini ya Baraza letu wenyewe, kwa hivyo hizo D na B zenu hazituhusu moja kwa moja. Lakini nimemsoma mpwa wa Baba Neema nikawafikiria watoto wa huku. Mtoto akiwa na chuo, yaani madrasa nzuri, hata shule ikiwa dhaifu kusoma anajua, kwa kuwa ustadhi anamsikiliza mmojammoja, kila siku, na hamvushi sura mpaka ameisoma sawasawa. Shuleni mwalimu ana watoto mia, atamsikiliza nani? Nadhani kinachokosekana ni kumsikiliza mtoto akisoma.

#40 Mwalimu Mstaafu
Alaykum salaam. Wale wa Uwezo, mradi wa kupima kusoma na kuhesabu, walianza kufanya hivyo 2010, walipita nyumba kwa nyumba, wakamkalisha mtoto na hadithi fupi ya darasa la pili, wakamsikiliza. Kila ripoti ilionyesha watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kuisoma. Mtihani wa kusiliba hauna namna ya kusikia silabi zinavyounganishwa.

#41 Mama Junia
Baba Neema, mpwa wako anazungumza lugha gani nyumbani?

#42 Baba Neema
Kikaguru. Kiswahili anakijua, ila nyumbani ni Kikaguru.

#43 Mama Junia
Nimeuliza kwa kuwa kusoma kwa sauti mbele ya mjomba anayekuchunguza ni jambo jingine kabisa. Mimi hadi darasa la sita nilikuwa naelewa kila neno kimyakimya na nikiambiwa nisome kwa sauti naganda. Mpe asome peke yake, kisha mwulize habari ilihusu nini. Na ile ya sukari usimwulize "unarudishiwa ngapi" kama mtihani, mtume dukani.

#44 Hesabu Kali
Hapo naunga mkono. Sisi sote tumemhukumu mtoto mmoja kwa gazeti moja.

#45 Kigingi
Lakini amepata B. Mtoto wa B anatakiwa asome gazeti, kwa sauti au bila sauti.

#46 Mchanga wa Pwani
B yake imetoka kwenye somo gani? Akipata A ya Uraia na Maarifa ya Jamii na C ya Kiswahili, jumla bado B.

#47 Baba Neema
Nimeangalia namba yake. Kiswahili C, Kiingereza D, Hisabati B, Sayansi B, Maarifa ya Jamii A, Uraia A.

#48 Msoma Takwimu
Kiswahili C na Hisabati B, kwa mtoto anayehesabu chenji kwa vidole. Mwalimu mpya wa Hisabati uliyemtaja mwanzoni, ndiye aliyemfundisha?

#49 Baba Neema
Ndiye. Na watoto wanampenda sana. Wanasema anawafundisha "kuua majibu", yaani kwenye yale matano wanaondoa matatu yasiyowezekana kabla hata ya kukokotoa.

#50 Hesabu Kali
Basi turudi kwenye hesabu yangu ya namba 7, ambayo Msoma Takwimu aliitupa. Mtoto aliyejifunza kuua matatu anabahatisha moja kati ya mawili, siyo moja kati ya matano. Maswali 24 yale yale yanampa 12 badala ya matano kasoro. Anayejua 16 anafika 28. Akiokota alama chache tu kwenye yale matano ya kuandika, B ya Hisabati hiyo hapo. Na mbinu hiyo haikuwepo 2022, kwa hiyo ni kitu kilichobadilika.

#51 Mwalimu Mstaafu
Kuondoa yasiyowezekana nako ni kufikiri, tusikubeze. Mtoto anayejua kwamba nusu ya 300 haiwezi kuwa 600 anajua kitu. Ningependa tu nijue kama yule mwalimu akishamaliza kuua, anawafundisha pia kukokotoa.

#52 Mtoto wa Gairo
Na nani alimleta huyo mwalimu?

#53 Baba Neema
Alihamishwa na halmashauri, siyo mwalimu mkuu. Alimfuata mume wake, ni mhudumu wa zahanati.

#54 Kidato Kimoja
Nauliza kitu kingine kabla hamjasonga. Mtaala mpya ulioanza 2024 unasema msingi ni miaka sita. Walio darasa la tatu mwaka huu wa 2024 watamaliza na la nne kwa pamoja 2027. Wimbi la 2016 si litajirudia, safari hii sekondari?

#55 Chaki Nyeupe
Litajirudia. Shule yangu tayari tunaulizwa vyumba. Hilo anzisha uzi wake, nitakuja.

#56 Baba Neema
Nawashukuru wote. Jumatatu kuna kikao cha wazazi. Nitaomba tuonyeshwe matokeo ya darasa la pili na la nne, siyo la saba tu, na nitauliza nani anafundisha darasa la kwanza. Kama kuna mwenye swali jingine la kumuuliza mwalimu mkuu aliandike hapa kabla ya Jumapili.

#57 Mama Junia
Muulize wasichana wangapi walioanza darasa la kwanza 2018 wamefika kwenye mtihani.

#58 Kigingi
Muulize nani alisimamia.